Ungeruhusiwa kuiba kitu kimoja kwenye barabara za wenzetu ukilete kwenu, ungeiba nini? Mimi naanza na kichochoro cha kokoto, Iwambi

#1 Semi_Mbili (mleta uzi)
Wakuu, habari za usiku.

Mimi ni dereva wa lori, Dar–Tunduma, mwaka wa kumi na mbili huu. Juzi nimeshuka mteremko wa Iwambi, Mbeya, saa tano usiku na tani thelathini za saruji mgongoni, gia ya tatu, natambaa kama kinyonga. Nyuma yangu kosta ananipigia honi na kuniwashia taa kama vile nimemtorosha mke. Nikafika Mbalizi salama, nikapaki, nikanunua maji, nikakaa kwenye ngazi ya hedi nikawaza.

Nina rafiki aliwahi kuendesha Oman. Anasema kule kwenye miteremko mikali, pembeni ya barabara kuna kichochoro kimechepuka na kupanda juu, kimejazwa kokoto laini. Breki zikikukataa unaingia humo, matairi yanazama, gari linasimama. Unashuka unapiga simu. Sisi breki zikitukataa pale Iwambi, mbele kuna bajaji, wauza ndizi na daladala imejaa abiria. Waliokuwepo Mbalizi kwenye ajali za mwaka 2018 wanajua ninachosema.

Basi swali langu ni hilo la kwenye kichwa. Kitu kimoja tu. Siyo "serikali nzuri", hiyo siyo barabara.

#2 Mwana_Liwale
Mimi nipo Liwale. Ningeiba lami. Endeleeni.

#3 Kipara_Ngoto
#2 umenivunja mbavu, uzi umefungwa hapo hapo 😂

#4 Abu_Khamis_Muscat
Assalaam alaykum. Mie mtu wa Unguja, makazi Muscat, nathibitisha aliyoyasema rafiki wa mleta uzi. Nenda mlima wa Jabal Akhdar ukaone. Kwanza pale chini, Birkat al-Mouz, kuna kituo cha polisi: gari lisilo la kuvuta magurudumu yote manne halipandi, hata ulie. Halafu njiani, upande wa wanaoshuka, unaviona hivyo vichochoro vina vibao vyake kabisa. Tangu mbali unaoneshwa kwamba mbele kipo, ujipange.

Lakini mie si hicho ningekiiba. Ningeiba vile viguzo vya rangi nyeupe na nyekundu vilivyosimamishwa kwenye mabonde ya maji. Mvua ikinyesha mlimani, maji huja barabarani ghafla, na kile kiguzo kinakwambia maji yamefika wapi. Yakifika kwenye nyekundu, rudi kwa mkeo. Kwetu kila msimu wa masika tunamtuma utingo avue suruali aingie apime kwa magoti.

#5 Semi_Mbili
@Abu_Khamis_Muscat shukrani sana sheikh. Hiyo ya utingo kupima kwa magoti ni kweli tupu, na utingo wangu ni mfupi.

#6 Mhandisi_Kimya
Niweke sawa kitu kimoja. Kokoto za kichochoro hicho siyo "laini" na siyo hizi za kupasua tulizozoea kuona kwenye ujenzi. Zinatakiwa za mviringo, kama za mtoni, zinazokaribiana ukubwa, kina chake kama mita moja hivi. Siri yote iko kwenye umbo. Kokoto ya kupasua ina kona, zinashikana, zinabeba gari. Ya mviringo inateleza juu ya mwenzake, tairi linazama, nguvu ya gari inaishia kwenye kusukuma mawe.

Halafu haziwekwi zikaachwa. Vumbi na udongo vikijaa katikati zinashikana kama zege, lori linapita juu yake kama kwenye lami. Lazima zitifuliwe mara kwa mara. Na lori likishazama halitoki lenyewe, inabidi uwepo na nanga ya zege pembeni ya kufungia winchi. Kwa hiyo siyo kuchimba shimo na kumwaga mawe, ni kitu cha kuhudumiwa muda wote.

#7 Kipara_Ngoto
"Kokoto za mviringo za ukubwa mmoja, kina mita moja, bure pembeni ya barabara." Mkuu, hiyo ni wiki moja. Ya pili Mbalizi nzima ina misingi mipya ya nyumba.

#8 Dada_Kiboriloni
#7 umesema kwa utani ila ndiyo ukweli. Kwetu vibao vya alama vilikuwa vya chuma, vikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kuna kona ya hatari naijua, kibao kimeondoka kikabaki kiguzo, baadaye na kiguzo kikaondoka. Siku hizi tunaelekezana "ile kona iliyokuwa na kibao".

#9 Fundi_Springi
Nimesoma nikacheka, ila hamjamgusa mgonjwa. Mnatafuta hospitali kabla ya kuuliza ugonjwa umetoka wapi.

Lori la breki za upepo, upepo ukiisha kabisa, breki ya springi inajifunga yenyewe. Gari linagoma kutembea. Limetengenezwa hivyo makusudi. Sasa jiulizeni, hizi "breki zimefeli" za kila siku zinatoka wapi? Nawaambia mimi niliyelala chini ya haya magari miaka ishirini: kuna boliti nyuma ya chemba ya breki. Ukiikaza, springi inakunjwa, breki inaachia. Imewekwa ili gari likifia njiani liweze kuvutwa. Watu wanaikaza moja kwa moja! Chemba inavuja, mwenye gari hataki kununua nyingine, dereva anamwambia fundi "kaza tu twende". Tela lina ekseli tatu, linashuka Iwambi na breki ya springi ya ekseli moja. Hapo utailaumu barabara?

#10 Semi_Mbili
@Fundi_Springi nakubali yapo, nimeyaona. Ila usitubebeshe wote. Breki zangu zilikuwa nzima kabisa na bado mwaka juzi zilinilegea nikishuka mlima Kitonga, Iringa. Moshi, harufu, pedali imekuwa kama inakanyaga godoro. Niliokolewa na gia ndogo na ekzosi breki, na Mungu.

#11 Fundi_Springi
Hiyo siyo kufeli, hiyo ni joto. Dramu ikichemka inatanuka, inakimbia viatu vya breki. Unakanyaga, viatu vinaifuata haifikiki. Maana yake ulikanyaga mfululizo toka juu. Ungeshuka na gia uliyopandia usingefika huko.

#12 Semi_Mbili
Nilishuka na gia niliyopandia.

#13 Fundi_Springi
Basi ulizidisha mzigo.

#14 Semi_Mbili
Mizani nimepita. Tani 56 za Afrika Mashariki sikuzigusa hata kwa kivuli.

#15 Fundi_Springi
Mizani inapima uzito, haipimi dereva 😄

#16 Mkamba_wa_Mlolongo
Habari zenu majirani. Huku Kenya hiyo hadithi tunaijua kwa jina la Salgaa. Madereva wa trela wakifika kilele wanaweka nyutro wanaachilia gari lishuke lenyewe ili waokoe dizeli, na hiyo dizeli iliyookolewa ina mnunuzi wake, msiniulize nani. Gari likishika mwendo, kurudisha gia haiwezekani, imekataa. Kwa hivyo mimi naongeza ugonjwa wa tatu: siyo boliti, siyo joto, ni nyutro.

Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori ziligongana pale Migaa, watu 36 wakaaga. Baada ya hapo ndipo wakatenganisha barabara kwa ukuta wa zege katikati. Sasa trela likikosa breki angalau linabaki upande wake. Kwa hivyo mleta uzi, mimi ningekupa ukuta wa Salgaa, wewe unipe hicho kichochoro.

#17 Mbishi_Daima
Salgaa si ndiyo ile ya watu zaidi ya mia kuungua kwa nyutro?

#18 Mkamba_wa_Mlolongo
Hapana, unachanganya. Hiyo ilikuwa Sachangwan, jirani hapo, Januari 2009. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja na mitungi kuchota, moto ukawaka. Zaidi ya mia walikufa, ndiyo, lakini walikufa kwenye mafuta, si kwenye breki.

#19 Mbishi_Daima
Sawa, nimeelewa.

#20 Mama_Wawili_Singida
Jamani nyie wanaume mnazungumzia breki tu. Mimi nasafiri Dodoma–Singida–Mwanza kwa basi, na kitu nitakachoiba ni CHOO. Kondakta anasimamisha gari porini, "haya, kuchimba dawa dakika tano!" Wanaume mnashuka mnaelekea upande mmoja mnamaliza kwa sekunde kumi, mnarudi mnavuta sigara. Sisi tunavuka mtaro, tunashuka korongo, tunatafuta kichaka, tumeshika kanga tunamzungukia mwenzetu, na dereva ameshaanza kupiga honi. Mwaka jana nimechomwa na miba ya mkongowe mpaka goti limevimba, na kiti changu cha dirishani nikakuta kimekaliwa.

Dada yangu yuko Ujerumani anasema kwenye barabara kuu kila baada ya mwendo mfupi kuna sehemu ya kuchepuka: choo, meza, kivuli, malori yanalala hapo. Siyo kituo cha mafuta, ni sehemu ya barabara yenyewe, imechorwa tangu mwanzo. Hiyo nayo si usalama? Dereva aliyelala kidogo si bora kuliko hicho kichochoro chenu?

#21 Semi_Mbili
@Mama_Wawili_Singida mama nimekusoma mara mbili. Sina ubishi. Nusu ya ajali za usiku ninazozikuta ni watu waliosinzia, siyo breki.

#22 Kipara_Ngoto
Nusu? Umezihesabu wapi mkuu? 😂

#23 Semi_Mbili
Kwa macho yangu, siyo kwa kalamu.

#24 Mswahili_wa_Uppsala
Salaam. Kama ni usingizi na kuovateki kubaya, basi mimi ningewaletea barabara ya "mbili kwa moja" ya Sweden. Walianza kuijaribu mwaka 1998 kwenye barabara ya E4 karibu na mji wa Gävle, mwaka mmoja baada ya Bunge lao kupitisha lengo la kutotaka kifo hata kimoja barabarani. Walikuwa na barabara nyingi za upana wa mita 13, njia moja kila upande na mabega mapana. Badala ya kupanua, wakachora upya: njia tatu. Kilomita kadhaa upande huu unapata mbili za kuovateki, kisha zamu inahamia upande wa pili. Katikati wanaweka waya za chuma zilizokazwa kwenye viguzo vyembamba. Ukisinzia unagonga waya, zinakurudisha upande wako, unafika nyumbani na gari limechubuka.

Uzuri wake ni bei. Hauhitaji njia nane. Chalinze–Segera ingefaa sana.

#25 Mhandisi_Kimya
Ni wazo zuri na nimeliwaza mara nyingi. Tatizo upana. Barabara zetu kuu nyingi hazifiki hizo mita 13 ukijumlisha na mabega. Ukilazimisha, unakula bega, na bega la kwetu lina kazi.

#26 Dada_Kiboriloni
Bega la kwetu lina kazi kuliko barabara yenyewe. Bodaboda, baiskeli ya mkaa, ng'ombe, watoto wa shule, mama wa mahindi ya kuchoma, na ile gari iliyokufa imewekewa matawi ya miti nyuma tangu Jumanne.

#27 Semi_Mbili
Hapo kwenye gari lililokufa ndipo napata wasiwasi na #24. Kwenye sehemu ya njia moja, kulia waya, kushoto mtaro. Semi ikinifia mbele hapo napita wapi? Kitonga lori moja likilala kwenye kona tunalala wote, na pale hakuna hata waya.

#28 Mswahili_wa_Uppsala
Huku wanafungua waya, zina sehemu za kufungulia. Na gari halikai mpaka Jumanne. Ila nakubali, mimi nimeleta barabara bila kuleta gari la kuvuta.

#29 Kipara_Ngoto
Na hizo waya... Nimalizie au mmeshaelewa? Vyuma chakavu nao wana watoto.

#30 Tochi_Mkononi
Mimi mstaafu wa kikosi cha trafiki, naomba msinitukane kwa jina langu. Ningeiba kibao kimoja tu: kile cha KUMALIZA 50. Najua mlikuwa mnatuchukia. Kuna vijiji kibao cha kuanza 50 kipo, cha kumaliza hakipo. Dereva anamaliza nyumba za mwisho, anakanyaga, anakutana na sisi chini ya mwembe. Kisheria tunamkamata. Kibinadamu, mimi mwenyewe nikiendesha likizo nilikuwa sijui 50 imeishia wapi.

#31 Mbishi_Daima
😳 Afande umesubiri ustaafu ndio useme!

#32 Basi_la_Alfajiri
Afande, mwembe upi? Tuanze na huo.

#33 Tochi_Mkononi
Mwembe ulishakatwa. Walipanua barabara.

#34 Mtoto_wa_Tanga
Turudi kwenye mada. Usiku na ukungu, kitu bora duniani ni vile vijicho vinavyong'aa katikati ya lami. Wamarekani waliovumbua wana akili sana. Ningevimwaga Lushoto yote, ile barabara ya kupanda kutoka Mombo.

#35 Mswahili_wa_Uppsala
Siyo Wamarekani. Ni Mwingereza, Percy Shaw, wa Halifax, hataza ya mwaka 1934. Vinaitwa macho ya paka kwao. Na ujanja wake siyo kung'aa tu: kioo kimekaa kwenye mpira, gari likikanyaga kinazama, mpira unakifuta kwa maji ya mvua yaliyojikusanya chini. Kinajiosha chenyewe.

#36 Mtoto_wa_Tanga
Asante kwa kusahihisha. Kwa Lushoto maji ya kuoshea yapo ya kutosha.

#37 Fundi_Springi
Vya kwetu vinang'oka kabla ya mwaka. Halafu kile kishimo kinachobaki kinakula tairi.

#38 Nanyuki_Juu
Mimi ninacho kitu ambacho nyinyi mngeiba kwetu. Barabara ya Nanyuki–Meru ina kivuko cha ndovu, chini ya lami. Ndovu anatoka Mlima Kenya anaelekea upande wa hifadhi ya Lewa, anapita chini, magari juu. Wa kwanza kupita alikuwa dume mmoja anayeitwa Tony, Januari 2011. Watu walidhani ndovu watahitaji miaka kuzoea.

#39 Semi_Mbili
Hapo umenigusa. Mikumi tunakata mbuga kama kilomita hamsini, lami imepita katikati, na mlangoni unasoma orodha ya faini ya kila mnyama. Twiga ana bei, nyati ana bei. Usiku nyati haonekani, ni kama ukuta mweusi umesimama. Matuta yapo, lakini tuta halimwambii nyati asivuke.

#40 Mhandisi_Kimya
Chini ya barabara panafaa tembo kwa sababu ana njia yake ya siku zote, unaijengea palepale. Nyati, pundamilia na swala wa Mikumi wanavuka popote. Ungehitaji uzio mrefu wa kuwaelekeza, na uzio mbugani ni vita nyingine kabisa.

#41 Nanyuki_Juu
Kweli, na huku uzio upo. Bila huo Tony angepita juu kama kila mtu.

#42 Kagera_Kigali
Mimi napeleka mizigo Kigali. Ukivuka Rusumo unahama kutoka kushoto kwenda kulia, halafu unakutana na barabara ina mtaro umejengwa kwa mawe, na mtu wa miguu ana pa kupita hata kwenye kilima. Hicho ndicho ningeiba: njia ya mguu. Siyo mambo makubwa.

Ila siku ya kwanza niliyovuka nilinywa chai upande wa pili, nikapanda gari, nikashika kushoto kwa mazoea. Nilikutana na bibi mmoja amebeba ndizi kichwani, akasimama katikati, akanyoosha mkono kunionesha upande wangu. Hakunitukana. Nimemkumbuka mpaka leo.

#43 Mswahili_wa_Uppsala
Usijione mjinga, Sweden nzima ilihama upande siku moja, tarehe 3 Septemba 1967, kutoka kushoto kwenda kulia.

#44 Kipara_Ngoto
Nchi nzima siku moja? Sisi tungeanza na daladala kwanza, binafsi baadaye.

#45 Mkazi_wa_Mbalizi
Nimechelewa kuuona uzi, ila nimeusoma wote. Mimi ninaishi chini ya huo mteremko mnaouzungumzia. Nyumba yetu ilijengwa na baba, wakati huo hapa kulikuwa na mashamba. Soko lilikuja baadaye, stendi ikaja baadaye, na magari yakawa mengi baadaye.

Mleta uzi anataka kichochoro cha kokoto. Naomba aniambie kitakaa wapi. Lori lililokosa breki haliwezi kukata kona, kwa hiyo lazima kianzie barabara ilipo nyooka, na kipande kilichonyooka kina watu pande zote. Tumeshawahi kuamka tukakuta X nyekundu ya bomoabomoa ukutani, fidia tukaisikia kwa redio. Mkitaka kuokoa madereva sawa, na sisi tunataka tuokoke, sisi ndio tunaogongwa. Mimi ningeiba kitu kingine: barabara ya malori ipite nje ya mji kabisa. Mchepuko. Mnaendelea na safari yenu, sisi tunabaki na bajaji zetu.

#46 Semi_Mbili
@Mkazi_wa_Mbalizi samahani ndugu yangu. Niliandika nikiwa juu ya hedi, sikuwaza nani amelala chini.

#47 Fundi_Springi
Mchepuko nao una mlima. Lori lenye boliti iliyokazwa litafeli huko huko.

#48 Mkazi_wa_Mbalizi
Lifeli huko.

#49 Mhandisi_Kimya
Kuna pa katikati. Juu kabisa kabla ya kuanza kushuka unaweka eneo la lazima la kusimama. Kila lori linaingia, dereva anagusa dramu, anaangalia upepo, anachagua gia, anatoka. Hapahitaji kokoto wala X. Panahitaji uwanja na mtu mmoja.

#50 Basi_la_Alfajiri
Mtu mmoja, na kitabu cha risiti 😂

#51 Mama_Wawili_Singida
Na choo.

#52 Mhandisi_Kimya
Na choo, mama. Nimekuandika.

#53 Semi_Mbili
Wakuu nimepata mzigo, kesho alfajiri naondoka Mbeya kurudi Dar. @Fundi_Springi uliniingizia hofu, jioni hii nimelala chini ya tela kuangalia zile boliti. Moja imekazwa. Siyo mimi niliyeikaza na utingo anaapa siyo yeye.

#54 Fundi_Springi
Ekseli ipi?

#55 Semi_Mbili
Ya nyuma kabisa, kushoto. Nimempata fundi hapa anatafuta chemba. Nikikwama nitakuuliza.

#56 Dada_Kiboriloni
Safari njema. Ukipita Ruaha Mbuyuni nichukulie gunia la vitunguu, nitampa mtu pesa Chalinze.

#57 Kipara_Ngoto
Na mimi nusu gunia. Ila ukishuka Kitonga usiweke nyutro, hutavifikia hivyo vitunguu.